Jino la Bafuni

Montalbero, Jumatatu, 3 Machi 1958

Barafu ya Januari iliingia katika nyufa za ukuta wa ngome, ikavimba humo kama unga uliotiwa hamira, na asubuhi moja ya soko meno yote ya upande wa kusini, vile vipande vya ukuta vinavyosimama kwa mapengo juu ya ngome, yakaporomoka juu ya kabichi za padri. Hakuna aliyeumia isipokuwa kabichi. Leo meya ameniita ofisini na kunivutia kiti yeye mwenyewe, jambo lililonitia wasiwasi papo hapo.

"Ortensia binti yangu, mji umekusomesha."

"Aliyenisomesha ni baba yangu."

"Na mji ukanunua mikate yake. Kwa hiyo tuchoree hayo meno. Ofisi ya mambo ya kale inataka mchoro wenye ushahidi, si hadithi. Bila mchoro hakuna kibali, bila kibali hakuna meno, na bila meno simruhusu hata paka kupita juu ya ukuta." Akashusha sauti. "Na dada yako anaolewa Juni."

Kwetu jino la ukuta huitwa merlo. Ndege mweusi anayeimba bustanini alfajiri naye ni merlo. Na mtu anayepunjwa sokoni leo na kesho akarudi kwa muuzaji yuleyule, huyo pia ni merlo. Nilitoka ofisini nikijiuliza meya ameniona mimi kuwa merlo wa aina gani.

Tatizo ni kichwa cha jino. Sisi wa Mtaa wa Juu tunasema meno yalikuwa ya mraba, kichwa bapa, kama walivyojenga watu wa Papa wa Roma. Mtaa wa Chini wanasema kila jino lilipasuliwa kichwani kama mkia wa mbayuwayu, kama walivyojenga watu wa Kaisari, waliopigana na hao wa Papa. Papa yule na Kaisari yule wameoza karne nyingi zilizopita, lakini biskuti za sikukuu anazooka Baba ni za mraba hadi leo, na huko Chini wanakata zao kwa mkia, na anayeonekana akitafuna isiyo yake husemwa mpaka sikukuu ijayo.

Bibi harusi anayetoka mtaa mmoja kwenda mwingine hupita juu ya ukuta, kutoka mnara wetu hadi mnara wao, na baba yake humkabidhi katikati. Wanaoikosa njia hiyo husemwa kuwa wameoana kwa mlango wa jikoni. Dada yangu Mafalda anaolewa na Libero Passarini, wa Chini. Baba amekubali kwa sharti moja: atamvusha akiwa kati ya meno ya mraba. Bibi yake Libero, Bibi Cleofe, amekubali pia kwa sharti moja, na sina haja ya kuliandika.

Nilikwenda Bologna kusomea ujenzi wa kale ili niepukane na ugomvi wa biskuti. Umenifuata hadi kwenye meza ya kuchorea.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Ndege mweusi anaimba juu ya rundo la matofali kana kwamba amelinunua.

Jumapili, 16 Machi

Wiki nzima nimepima meno ya upande wa kaskazini, ambayo bado yamesimama: mraba, safi, sawasawa. Nilifurahi kwa aibu kidogo, maana ukweli ulikuwa umeniondolea taabu ya kuchagua. Leo mchana nikamweleza Baba mezani. Akajaa fahari hadi vifungo vikakaza.

"Babu yako alitoa jasho pale, mwanangu. Aliyakuta meno ya ajabu ajabu. Akayanyoosha."

"Aliyanyoosha vipi, Baba?"

"Aliyanyoosha. Aliyafanya yawe kama inavyotakiwa."

Mafalda akaweka kijiko chini. Mimi nikauliza polepole, "Kabla hajayanyoosha, yalikuwa na umbo gani?"

Baba akachovya mkate kwenye mchuzi, akautafuna, akameza.

"Umbo la makosa," akasema.

Nimechana mchoro. Mafalda alicheka mpaka akatoka mezani, kisha nikamsikia jikoni hacheki tena.

Jumatano, 19 Machi

Kitabu kimoja kinasema mpasuko wa kichwani uliwekwa ili mpiga mishale aegemeze upinde wake. Nimekwenda kujaribu kwenye kipande cha jino kilichobaki mnarani bila kichwa, na Libero akaja na ufagio badala ya upinde. Ni mrefu kuliko wanaume wote wa Montalbero, na bado alisimama kwa ncha za vidole kufikia pale ambapo mpasuko ungekuwa.

"Labda wazee wetu walikuwa majitu, shemeji."

"Milango yao inafika kifuani pako."

"Basi walipiga mishale wakirukaruka."

Akarukaruka na ufagio wake, na mzee aliyekuwa akipita chini akavua kofia kwa heshima. Mpasuko, basi, ulikuwa pambo tu, kama nywele zinavyochanwa. Kazi yote ya jino iko chini ya kichwa: askari anajificha nyuma yake akipakia mshale, kisha anasogea kwenye pengo, anachungulia, anapiga, anarudi. Jino ni la kujificha, pengo ni la kuona. Jioni nilikaa pale juu peke yangu na kufikiri kwamba mimi nimejijenga kwa meno matupu. Nyuma yake niko salama sana, na siwaoni watu.

Jumapili, 6 Aprili, Pasaka

Mvua tena. Biskuti za mraba. Nilikula pembe kwanza, kama Mama. Baba aliona, akatazama dirishani. Aliwahi kuniambia sababu ya yeye kupenda mraba, na haimhusu Papa hata kidogo: Mama, Mungu amrehemu, alipenda pembe, kwa kuwa ndizo huiva zaidi, na mraba una pembe nne.

Ijumaa, 18 Aprili

Harusi imevunjika. Au Baba anasema imevunjika.

Nyumba ya Bibi Cleofe imeegemezwa kwenye ukuta wa ngome, na chumba chake cha nyuma kimejengwa juu ya ile sehemu ya ukuta inayotokeza nje. Katika sakafu ya sehemu hiyo kuna matundu, na zamani walinzi waliyatumia kumwagia adui mawe na maji ya moto. Nimesoma habari za mji huu hadi macho yakaniuma, na sijaona popote kwamba kuna adui aliyemwagiwa hata tone. Walikuja, wakatazama juu, wakaomba kulipwa, wakaondoka.

Mwezi uliopita Bibi Cleofe alinunua hodhi la kuogea, la kwanza katika Mtaa wa Chini, jeupe, lenye miguu ya simba. Fundi wa bomba alitafuta pa kutolea maji machafu, akaona tundu liko tayari, akamshukuru Mungu.

Leo mchana Baba alikuwa akipita chini ya ukuta na kapu la mikate. Kwa miaka mia sita tundu lile lilikuwa likimsubiri mtu.

Aliingia nyumbani anatoa povu. Mikate imekuwa uji. Harufu ya sabuni ya maua ya urujuani ikajaa duka.

"Wamenimwagia!" alisema. "Kama ng'ombe! Kama adui!"

"Baba, ni maji ya kuoga," Mafalda alisema. "Hakujua uko chini."

"Alijua! Cleofe anajua kila mtu aliko, tangu nikiwa shule! Nimepigwa vita, binti yangu. Na mtu aliyepigwa vita hamkabidhi mwanawe kwa aliyempiga."

"Kwa sabuni, Baba?"

"Sabuni ndiyo mwanzo!"

Ningecheka, maana povu lilikuwa limemkaa sikioni kama ua. Lakini nilimwona Mafalda. Hakulia. Alichukua mikate iliyolowa mmoja mmoja na kuipanga juu ya tanuri ikauke, ingawa anajua kuliko mtu yeyote kwamba haitakauka ikawa mikate tena. Nikaona kwamba mwaka mzima nimemwita mwenye bahati, aliyependwa mapema na asiyefikiri sana, kumbe anafikiri kwa mikono yake na mimi sikuwahi kuitazama.

Kesho nitakwenda kwa Bibi Cleofe.

Jumamosi, 19 Aprili

Hakunisalimu kwanza. Alinitazama miguu.

"Kanyaga vitambaa, msomi. Sakafu imepigwa nta."

Kwake hakuna anayetembea kwa viatu. Unasimama juu ya vipande viwili vya blanketi na kuteleza kama mtu anayejifunza kutembea juu ya barafu, na unaposafiri hivyo unaing'arisha sakafu yake bure. Niliteleza hadi chumba cha nyuma nikitafuta maneno ya hasira, nikashindwa kuyapata, kwa kuwa ni vigumu kukasirika unapoteleza.

"Bibi, umemwagia baba yangu maji."

"Nimesikia. Alinukia vizuri?"

"Bibi Cleofe!"

"Haya, haya. Fundi wa bomba nitamkata masikio. Haki ya Mungu sikujua tundu linatokea njiani." Akakaa ukingoni mwa hodhi, mdogo kama mtoto, ana miaka themanini na kitu. "Unadhani naipenda vita hii? Libero hajala tangu jana. Ila siwezi kumtangulia Evaristo kuomba radhi. Nikimtangulia, Chini wote watasema nimekatwa mkia."

Mimi nilikuwa natazama ukuta juu ya hodhi. Plasta ilikuwa imevimba kwa mvuke wa maji ya moto, na uvimbe ule ulikuwa na mpaka: mstari ulionyooka kushoto, mstari ulionyooka kulia. Upana wake niliujua. Nimeupima wiki nzima.

Walipoegemeza nyumba kwenye ngome, hawakuyavunja meno. Walijenga katikati yake na kupaka juu. Jino lilikuwa mle ndani, lote, na hakuna babu aliyewahi kulinyoosha.

"Bibi," nikasema, "naomba ruhusa nikwangue bafu lako."

Aliupapasa ukuta kwa kiganja. Plasta ile ilipakwa mwezi uliopita, rangi ya samawati, na Chini nzima imepita kuitazama.

"Je, ikiwa utakuta mraba?"

"Nitachora mraba."

"Na ukikuta mkia, baba yako?"

"Nitachora mkia."

"Kwangua," akasema. "Ila usiniguse hodhi."

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwangua. Nimelitazama hadi shingo ikakakamaa. Sijamwambia mtu. Naogopa, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Jumapili, 27 Aprili

Bibi Cleofe hawezi kutunza siri. Baada ya misa foleni ilianza mlangoni kwake na kuishia kwenye kisima. Mji mzima umepita bafuni, Juu kwa Chini, wakiteleza juu ya vitambaa na kofia mkononi. Padri alilibariki jino, kisha, kwa kuwa alikuwa papo hapo, akalibariki na hodhi. Kila mmoja aliona alichokuja kuona. "Mkia!" "Mkia gani, kipofu wewe, huoni limejaa?" "Limejazwa!" "Basi limejaa!"

Sakafu haijapata kung'aa hivi.

Baba hakuja.

Jumapili, 4 Mei

Leo amekuja.

Sikumwita. Niliogopa kumwita. Mafalda ndiye aliyefunga duka mchana, akamvalisha koti, akamwambia, "Baba, ukitaka niolewe kwa mlango wa jikoni nitaolewa. Lakini nenda kwanza ukaone kinachonipeleka huko." Akaenda, nami nikamfuata.

Mlangoni Bibi Cleofe alimtazama miguu.

"Kanyaga vitambaa, Evaristo."

"Sikanyagi blanketi la mtu aliyeniogesha."

"Basi vua viatu."

Soksi yake ilikuwa na tundu. Akakanyaga vitambaa.

Tukasimama watatu mbele ya jino, na bomba likidondosha maji. Nilikuwa nimejiandaa kusema kama nilivyofundishwa, na sauti haikutoka hivyo.

"Tazama matofali ya nje, Baba. Hayo ndiyo ya kwanza."

"La kwanza lina umbo gani? Usinifiche."

Nilifikiri juu ya Mafalda. Nilifikiri kwamba neno moja lingempa Baba ushindi, Mafalda harusi, na mimi usingizi. Nikasogea kutoka nyuma ya jino langu.

"Mkia wa mbayuwayu," nikasema.

Bibi Cleofe akafungua kinywa, na nilijua kimesubiri miaka themanini kufunguka. Lakini akakifunga, akanyoosha kidole.

"Mwambie na yaliyo katikati, msomi. Yale yaliyoniudhi mimi."

Nikamwonyesha. Mpasuko ulijazwa ukawa mraba, na waliojaza walitumia kokoto za mtoni.

"Kokoto," Baba akasema taratibu. Juu hakuna nyumba ya kokoto. Ni Chini tu wanaojenga kwa kokoto.

"Wazee wangu," Bibi Cleofe akasema. "Watu wa Papa walipokuja, wazee hao wakakimbilia mtoni na makapu. Hata hawakusubiri waambiwe."

"Kisha?" Baba akauliza.

"Kisha Kaisari akarudi, Baba, na mpasuko ukafunguliwa upya. Umekatwa upandeupande, kwa haraka. Kingo zimetengenezwa kwa matofali mekundu membamba."

Alisogea. Matofali mekundu membamba yalitoka tanuri moja tu, na tanuri la mikate yake limejengwa juu ya misingi ya tanuri hilo.

"Hao ni sisi," akasema.

"Ni nyinyi," Bibi Cleofe akasema. "Mmemkatia Kaisari mkia kwa mikono yenu."

"Na hivi vigae vya juu?"

"Papa tena," nikasema. "Vigae vya mapaa. Vya mitaa yote miwili."

Alilitazama jino lile lililofunguliwa na kuzibwa, kufunguliwa na kuzibwa, kama kinywa cha mtu asiyejua aseme nini mbele ya wakubwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia.

"Cleofe," akasema, "sote ni merlo!"

Akacheka, na mtu aliyesimama juu ya blanketi kwenye nta asicheke. Mguu wa kulia ulikwenda Juu, wa kushoto ukaenda Chini, naye akakaa ndani ya hodhi kwa kishindo, koti na yote, akiendelea kucheka.

Bibi Cleofe alishika ukuta asianguke. "Uliapa hutatia mguu nyumbani kwangu, Evaristo. Leo umetia makalio!"

"Fungua maji," Baba akasema. "Nimekuja bila kapu."

Jumamosi, 10 Mei

Jua. Nimechora jino kama lilivyo: mkia wa mbayuwayu, na ndani yake ujazo wa kokoto uliorudi nyuma kwa upana wa kidole, ili kivuli kioneshe mpaka. Ukilitazama kutoka Juu, unaona mraba. Ukilitazama kutoka Chini, mkia. Si suluhu niliyobuni. Nimenakili bafu.

Jumanne, 20 Mei

Kibali! Meya alinibusu mashavu yote mawili, kisha akakumbuka kwamba kuna foleni ya watu wanaomlaani kwa kutomtaja mshindi. "Waambie waje kunilaani mimi," nikasema. Wamekuja. Nimewakaribisha kahawa. Sikujua wanachekesha hivi.

Alhamisi, 5 Juni

Mafundi wanajenga, Juu wakileta matofali, Chini wakileta kokoto, na kila upande ukikagua usipunjwe nafasi. Chokaa inakauka vizuri. Ndege mweusi amehamia kwenye jino la kwanza kabla halijakamilika. Libero anasema sasa tuna merlo juu ya merlo, wakitazamwa na merlo.

Ijumaa, 13 Juni

Baba amejifungia na tanuri. Haruhusu mtu kuingia. Nilipochungulia alinitupia kitambaa.

Jumamosi, 14 Juni

Tumepita juu ya ukuta.

Mafalda alishika mkono wa Baba kutoka mnara wetu, gauni likipiga meno mapya na kuchukua chokaa kidogo kwa kila jino. Chini yetu watoto walikuwa wakiteleza kwenye mwinamo wa ukuta, ule uliojengwa ili mawe yaruke na kumpiga adui, ambao kwa vizazi vyote haukuchana kitu ila suruali. Libero na Bibi Cleofe walikuja kutoka mnara wao. Katikati wakasimama. Baba akauweka mkono wa Mafalda ndani ya mkono wa Libero, akaushikilia muda mrefu kuliko ilivyo desturi, na Libero akamwachia aushikilie.

Kisha akageuka kuchukua sinia lililofunikwa.

Biskuti zilikuwa na mkia. Watu wa Juu walivuta pumzi wote kwa pamoja. Lakini kando ya kila biskuti kulikuwa na kipande kidogo cha unga uleule, kabari ya pembe tatu, iliyookwa peke yake, inayoingia sawasawa katika mpasuko.

"Kila mtu ale anavyoamini," Baba akasema.

Sinia likapita kwa Bibi Cleofe kwanza. Ukuta mzima ukanyoosha shingo. Alichukua biskuti, akachukua kabari, akaitia katika mpasuko taratibu hadi ikawa mraba kamili. Akauma.

"Si mbaya," akasema, "kwa biskuti ya Papa."

Baba akachukua yake ya mkia na kuila vilevile, wazi, mbele ya mtaa mzima wa Juu. Hapo kelele zilizoanza sidhani kama zimekwisha hadi ninapoandika.

Nilikuwa nimesimama katika pengo kati ya meno mawili, palipo wazi, nikiwatazama wote. Baba akanijia na kunitia mkononi ile kabari aliyoiacha.

"Chukua. Ni pembe tupu hii," akasema. "Mama yako angeziiba zote."